Njia ya Daraja Katika Mto Zambezi

Mto huumbwa na Mungu, bali mahali pa kuuvukia huchaguliwa na wanadamu. Na wanadamu wakichagua, huchagua kwa mujibu wa haja zao na nguvu zao. Hapana mto katika Afrika unaothibitisha neno hili kuliko Zambezi. Daraja lililotandazwa juu yake mwaka 1905 lilijenga mji na kuua mwingine, likafungua biashara ya nchi kadha wa kadha, na baada ya miaka sitini likawa kitanzi katika shingo ya taifa changa. Yapasa basi kuulizwa ni sababu gani zilizolileta mahali pale lilipo.

Kabla ya daraja, wasafiri wengi walivuka mwendo wa kilometa kama 10 juu ya maporomoko, mahali ambapo mto hubanwa ukawa mwembamba wenye kina. Wenyeji walivuka kwa mitumbwi tangu zamani. Mwisho wa karne ya 19 wafanyabiashara wa Kizungu walifanya makao ukingoni mwa kaskazini, na kijiji chao kikaitwa Old Drift, maana yake Kivuko cha Kale. Kilikuwa kijiji cha riziki na mauti pamoja. Ardhi yake ilikuwa bondeni, yenye kinamasi na mbu, na homa ya malaria pamoja na homa ya mkojo mweusi zilichukua watu wengi. Hata hivyo waliosalia hawakuhama, maana riziki yao ilikuwa kivuko, na kivuko kilikuwa pale.

Ama reli, haikukusudiwa kupita huko. Katika mipango ya kwanza ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo, njia ilikuwa ielekee kaskazini kutoka nchi ya juu ya Rhodesia ya Kusini, ivuke Zambezi chini zaidi, upande wa Kariba, kisha ishike njia ya Ziwa Tanganyika. Kilichogeuza mpango huo ni makaa ya mawe yaliyogunduliwa Wankie, mahali paitwapo Hwange leo. Gari la moshi halina nguvu pasipo makaa, wala migodi haina faida pasipo gari la moshi. Basi reli ikayafuata makaa, ikafika Wankie mwaka 1903, na Aprili 1904 ikafika kwenye maporomoko. Hivyo shimo la makaa ndilo lililoamua upande wa mto utakaovukwa.

Palibaki swali la pili: mahali hasa. Juu ya maporomoko Zambezi ni mpana mno. Ukingo wenyewe wa maporomoko una upana wa mita 1,700 na zaidi. Daraja la huko lingetaka nguzo nyingi zinazosimama majini na kupigwa na mafuriko kila mwaka. Chini ya maporomoko mto wote huingia katika korongo jembamba lenye kuta za mwamba mgumu, na upinde mmoja wa chuma waweza kuruka kutoka ukuta hadi ukuta pasipo kugusa maji. Sababu hii ilitosha kwa mainjinia. Rhodes naye alikuwa na yake: alitaka manyunyu ya maporomoko yayalowanishe mabehewa yanapopita. Alikufa Machi 1902 bila ya kuyaona maporomoko kwa macho yake, lakini tamaa yake ilitimizwa. Walikuwako waliopinga, wakisema kwamba chuma kitaharibu uzuri wa mahali pasipo na mfano duniani; lakini hawakusikilizwa.

Kuna rai nyingine isiyokuwa na uzito katika uamuzi huo. Kwa Waleya, wenyeji wa pande zile, maporomoko na makorongo yake yalikuwa mahali pa ibada na matambiko ya wahenga. Jina la Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, lilikuwako kabla ya David Livingstone kufika mwaka 1855 na kuyapa maporomoko jina la malkia wake. Lakini uamuzi ulikuwa mikononi mwa Kampuni ya British South Africa, na kampuni huhesabu gharama na faida; heshima ya mizimu haina safu katika daftari lake.

Mchoro ulitoka kwa George Hobson, wa kampuni ya mainjinia ya Sir Douglas Fox mjini London, na chuma kilifuliwa Darlington, Uingereza. Upinde una mita 156 na nusu, daraja zima mita 198, na kutoka juu yake hadi majini ni mita 128 hivi. Nusu mbili za upinde zilijengwa kutoka kuta mbili zikielekeana, zikakutana mwanzo wa Aprili 1905. Tarehe 12 Septemba mwaka uleule daraja likafunguliwa na Profesa George Darwin, mwana wa Charles Darwin.

Matokeo hayakukawia. Old Drift kilikwisha, maana kivuko kilikuwa hakina kazi tena. Watu wake wakahamia mgongo wa mchanga ulio juu na mkavu zaidi, karibu na reli, na hapo ukakua mji wa Livingstone. Mwaka 1907 ukawa makao makuu ya serikali, na heshima hiyo ilidumu, tangu 1911 ukiwa mji mkuu wa Rhodesia ya Kaskazini yote, hadi mwaka 1935 ilipohamishiwa Lusaka. Reli ilifika Broken Hill mwaka 1906, na Elisabethville katika Kongo mwaka 1910. Makaa ya Wankie yakapanda kaskazini, shaba ikashuka kusini, na nchi nzima ikazoea kupumulia tundu moja.

Hasara ya mazoea hayo ilidhihiri baada ya uhuru. Zambia ilijitawala Oktoba 1964. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Shaba ya Zambia ikawa inapita mlangoni mwa hasimu wake. Januari 1973 Smith akaufunga mpaka; alipoufungua tena, Rais Kenneth Kaunda alikataa kurudi katika njia ile, akakataa hadi Oktoba 1978. Na tarehe 26 Agosti 1975 Smith na viongozi wa wazalendo walikutana katika behewa lililosimamishwa juu ya daraja lenyewe, mbele ya Kaunda na John Vorster wa Afrika Kusini. Mkutano ulivunjika bila mapatano. Daraja liliwakutanisha miili, halikuwakutanisha nia.

Zambia ilitafuta mlango mwingine, ikauona Dar es Salaam. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamekwisha sema mwaka 1964 kwamba reli ya huko haitalipa gharama zake. Lakini Kaunda na Mwalimu Julius Nyerere walipima kwa mizani nyingine, na Uchina ikakubali kusaidia. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa Reli ya Uhuru, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kilichonunuliwa kwa reli hiyo ni hiari ya kupita pasipo kuomba ruhusa kwa hasimu.

Tarehe 10 Mei 2021 daraja jingine lilifunguliwa juu ya Zambezi, huko Kazungula, ambako Zambia na Botswana hugusana kwa kipande kidogo mno cha mto, kati ya Namibia na Zimbabwe. Lina urefu wa mita 923, nalo halikunyoka: limepindwa ili lisiingie katika mpaka wa Zimbabwe. Mwaka 1905 mwamba na makaa ndivyo vilivyopewa neno la mwisho. Kazungula neno hilo limepewa mpaka, na mpaka hauonekani majini. Anayelitazama pindo lile anaona kwamba njia iliyo fupi si lazima iwe njia iliyo huru, na kwamba vizazi vya baadaye ndivyo hulipa tofauti iliyo baina yake.