Dawa Isiyotosha Wote

Leo hatusomi habari za vita wala za machifu. Tunasoma habari za vidonge. Ninyi mliokaa mbele ya redio huko Isongole, wilaya ya Rungwe, acheni kuchambua viazi kidogo, msikilize.

Kifua kikuu mnakijua. Mtu hukohoa wiki nyingi, hukonda, hutoka jasho usiku. Zamani hakikuwa na dawa. Mgonjwa alipewa kitanda na hewa safi, basi. Mwaka 1943 ndipo wataalamu wa Marekani walipogundua streptomaisini, dawa ya sindano. Ilikuwa ghali na haba. Hata Uingereza, baada ya vita, haikuweza kununua ya kutosha. Madaktari wa huko walipoijaribu mwaka 1947 walichukua wagonjwa 107, wakawagawa kwa bahati nasibu. 55 walipata sindano. 52 walipata kitanda tu.

Sasa turudi kwetu. Miaka ya 1970 ilipoanza, madaktari walijaribu dawa mpya kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Jina lake ni rifampisini. Msiogope jina. Ndiyo ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu kama chungwa bivu; aliyeimeza hasahau. Kwa dawa za zamani matibabu yalichukua mwaka mzima na zaidi. Majaribio yale yakaonyesha kuwa dawa mpya, ikichanganywa na nyingine, yaweza kuponya kwa miezi 6. Dunia nzima ikajifunza kutokana na vifua vya watu wa Afrika Mashariki. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, na nchi zetu hazikuweza kuwanunulia wagonjwa wote. Kwa maoni yangu, jambo hili halisemwi vya kutosha.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mshauri wake mmoja alikuwa Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Kuanzia mwaka 1982 rifampisini ikaanza kutolewa, lakini si kwa kila mgonjwa. Nani apewe?

Tuseme watu wawili wa Isongole wanashuka kwenda hospitali Tukuyu. Wa kwanza ni mkulima wa viazi. Makohozi yake yanatazamwa kwa hadubini, na vijidudu vinaonekana. Wa pili ni mtoto wa jirani yake. Tezi za shingo zimevimba, lakini hakohoi, na vijidudu havionekani. Ugonjwa wao ni mmoja. Kwa kanuni ya siku zile, mkulima angelazwa miezi 2, akimeza dawa ya ghali mbele ya macho ya muuguzi. Kisha angerudi nyumbani na vidonge vya bei nafuu kwa miezi 6. Mtoto angepewa dawa za zamani, miezi 12.

Mama wa mtoto angeuliza, "Mwanangu amekosa nini?" Muuguzi angejibu, "Mama, huyu baba akikohoa anaambukiza wengine. Tukimponya yeye upesi, tunawakinga watoto wengi." Jibu hilo lina akili, nami silidharau. Lakini mama yule hakushuka mlima kutafuta usalama wa watoto wa wenzake. Alikuja na wake mgongoni.

Na mkulima naye, msidhani alipata bure tupu. Dawa hakulipia, lakini miezi 2 wodini, nani angempalilia viazi?

Kisha ukaja UKIMWI. Mkoa wa Mbeya uliumia sana. Mwenye virusi vya UKIMWI akiugua kifua kikuu, mara nyingi vijidudu havionekani katika makohozi. Basi kanuni iliyotungwa kwa nia njema ikaanza kuwaacha nyuma walio dhaifu kuliko wote. Tena kimoja cha vile vidonge vya bei nafuu, thiasetazoni, kikawa hatari kwao. Ngozi za baadhi yao zilibabuka kama zimemwagiwa maji ya moto, na wengine walikufa. Dawa hiyo ikaachwa. Bei ya rifampisini nayo ilishuka, misaada ikaongezeka, na leo mgonjwa hupewa bila malipo, vijidudu vyake vionekane au visionekane. Mtoto wa tezi angeipata.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni maneno haya manne: makohozi, hadubini, kanuni, haki. Halafu kila mmoja ajiweke mahali pa muuguzi wa mwaka 1982. Mama amesimama mbele yako, mtoto mgongoni. Andika sentensi tatu utakazomwambia. Mwalimu wenu azisome kwa sauti mbele ya darasa, na kina mama ndio wawe wa kwanza kujibu.