Hesabu ya Pigo la Moyo

Njoro, katika mji wa Moshi, ni mahali ambapo jina lake lenyewe lina habari ya maji, kwa kuwa Wamaasai huita chemchemi kwa neno linalofanana nalo. Juu yake, katika vihamba vya Wachagga, maji ya mlima yaliongozwa kwa mifereji iitwayo mifongo tangu kabla mmisionari Rebmann hajauona Kilimanjaro mwaka 1848. Penye uhaba, maji yalikusanywa usiku katika mabwawa madogo. Asubuhi kizibo kikafunguliwa, na mashamba yakanyweshwa kwa zamu. Mtu aliyesimamia zamu hizo hakuweza kuchanganya maswali mawili: bwawa limetoa sehemu gani ya maji yake, na shamba limepata maji kiasi gani. Elimu ya moyo iliyachanganya maswali hayo kwa muda mrefu, na wako wagonjwa walioumia kwa machanganyiko hayo.

Mgonjwa apimwaye moyo leo kwa mawimbi ya sauti, iwe katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 au katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hutoka na karatasi yenye herufi mbili, E na F, na mbele yake tarakimu ya asilimia. Maana yake ni nyepesi. Chumba cha chini cha kushoto, ndicho kisukumacho damu mwilini, hujaa, kisha hukaza na kutoa sehemu ya kilichomo. Kikijaa mililita 120 na kutoa 70, sehemu iliyotoka ni asilimia 58. Lakini watu waliokwenda shule wamezoea kuhesabu alama kwa mia, na msomaji aonaye 55 hudhani moyo wake umeponea chupuchupu katika mtihani. Kumbe moyo mzima hautoi damu yake yote hata siku moja, na 55 ni hesabu ya mtu mwenye afya. Vivyo hivyo, aonaye 30 husema moyo wake umebaki theluthi moja, kana kwamba theluthi mbili zimekwisha kufa. Sivyo. Tarakimu hiyo haipimi kiasi cha moyo kilicho hai. Inalinganisha damu iliyotoka na damu iliyokuwamo, basi.

Hesabu hii ilizaliwa katika mabishano. William Harvey, tabibu wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1628 kitabu chake cha kuthibitisha kuwa damu huzunguka mwilini. Wakati ule waganga wengi wa Ulaya walishika mafundisho ya Galeno, kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na mwili huila ikaisha. Harvey hakuwa na chombo cha kuona ndani ya moyo wa mtu aliye hai, kwa hiyo alikisia. Alisema chumba cha kushoto kichukue wakia mbili tu za damu, na kwa kila pigo kitoe robo yake, au sehemu ya tano, au ya sita, au hata ya nane. Kisha akahesabu mapigo elfu moja na zaidi katika nusu saa. Hata kwa kadirio dogo kabisa, damu iliyopita ilikuwa nyingi kuliko ile ambayo chakula chochote kingaliweza kuzaa, basi haikuwa na budi kurudi. Yafaa kutazama ujanja wa hoja hiyo: Harvey alichagua sehemu ndogo kwa makusudi, ili adui zake wasipate pa kumshika. Robo ni asilimia 25, na sehemu ya nane ni 12 na nusu. Mtu wa leo mwenye tarakimu kama hizo angekuwa mgonjwa mahututi. Makisio yalikuwa chini mno, na hoja ikasimama.

Zaidi ya miaka mia tatu ilipita kabla ya makisio kugeuka kipimo. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Kijerumani, alijipenyeza mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, akaenda kupigwa picha ya eksirei. Kwa kazi hiyo, iliyoendelezwa na wengine wawili huko Marekani, alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1956. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima kwenye kiwanda cha meli cha Malmö chombo cha kutafutia nyufa katika vyuma, wakakielekeza kifuani. Mwangwi uliorudi uliandika mwendo wa kuta za moyo. Mwaka 1962 Folse na Braunwald, Wamarekani, wakatangaza njia ya kukadiria sehemu ya damu itolewayo na chumba cha kushoto kwa kila pigo. Na hesabu itumikayo sana leo ina jina la Thomas Simpson, mwanahesabati wa karne ya 18: chumba hukatwa, kwa fikra tu, vipande vyembamba kama ndizi inavyokatwa, na ujazo wa vipande ukajumlishwa. Mpimaji huchora mipaka ya chumba kwa mkono na jicho. Wawili hodari, wakimpima mtu yule yule siku ile ile, waweza kuachana kwa pointi tano au zaidi. Kwa hiyo tofauti ya 52 na 48 katika karatasi mbili haitoshi kumfanya mtu afurahi wala alie.

Hata hivyo kasoro ya jicho ni ndogo ikilinganishwa na kasoro ya swali lenyewe, na hiyo ilikwisha kuonekana Afrika ya Mashariki mapema. Mwaka 1948 Jack Davies, aliyefundisha Makerere na kupasua maiti katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao kwao utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu nene. Kovu huziba ncha ya chumba, nafasi ikawa finyu, damu ikakosa pa kuingia na kurudi nyuma. Vyumba vya juu hutanuka kupita kiasi, na tumbo hujaa maji. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitika hadi leo. Lakini moyo wa namna hiyo waweza kukaza vizuri na kutoa zaidi ya nusu ya kidogo ulichokipokea, na tarakimu yake ikawa ya kawaida. Ndilo bwawa lililojaa tope: kizibo kizima, sehemu kubwa ya maji imetoka, na shamba limekauka.

Ugonjwa wa Mulago ni wa wachache. Shinikizo la damu ni la wengi. Katika uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari wilayani Hai, mitelemkoni mwa Kilimanjaro, karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikutwa na shinikizo la juu. Kati yao waliojijua hawakufika mmoja katika watano, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika mmoja katika mia. Mashambani hali haikuwa nafuu kuliko mjini, jambo lililowashangaza waliodhani maradhi hayo ni ya starehe za jiji. Moyo usukumao dhidi ya shinikizo miaka mingi huongeza unene wa kuta, kama mkono wa mpasua kuni. Ukuta ukinenepa na kukakamaa, chumba hakilegei upesi kupokea damu. Wengine hatimaye huchoka na kutanuka, na tarakimu ikashuka. Wengine hubaki na 60, wakihema ngazini na miguu imevimba, na kuambiwa moyo wao hauna neno. Uchunguzi wa hospitali za nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, uliotangazwa mwaka 2012, ulikuta shinikizo la juu kuwa chanzo kwa asilimia 45 hivi ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, umri wa kulea.

Vali mbovu nayo hudanganya. Homa ya baridi yabisi ya utotoni ikiharibu vali ya kushoto, damu hurudi nyuma kila moyo unapokaza. Hesabu haiulizi damu imekwenda wapi, bali huhesabu yote iliyotoka chumbani, na 65 yaweza kuficha mfereji unaovuja kwenda kinyume.

Mbona basi tarakimu moja ilipewa enzi kubwa hivyo? Kwa sababu ilifanywa lango. Majaribio makuu ya dawa yalipokea wagonjwa kwa kipimo hicho: lile la mwaka 1991 lililothibitisha kuwa dawa ya enalapril huongeza maisha lilichukua wenye 35 au chini. Lilikuwa jambo la busara, maana wao ndio waliokuwa hatarini zaidi. Ila waliobaki nje ya lango walibaki pia nje ya ushahidi, na ilipita miaka 30 hadi jaribio la mwaka 2021 la dawa ya empagliflozin kuonyesha faida iliyo wazi kwa wenye zaidi ya 40.

Lango hilo lina upande wa pili. Mwaka 2019 madaktari wa London walitangaza habari za watu 51 ambao mioyo yao, iliyokuwa imetanuka na kulegea, ilirudi kwenye tarakimu njema kwa msaada wa dawa. Nusu yao walipunguziwa dawa hadi zikakoma. Katika miezi sita, kati ya 25 walioachishwa, 11 waliugua tena.