KILWA KISIWANI: TEMBEA ASUBUHI MOJA, UZINGATIE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu katika imani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tukiyasikia hayo, fikra zinakwenda Misri na Yemen. Lakini wewe uliye Tanzania huhitaji pasipoti. Shuka Kilwa Masoko, chukua kibali na mtu wa kukuongoza, kisha vuka bahari asubuhi kabla jua halijawa kali. Twende pamoja.

Ukifika kisiwani, jengo la kwanza ni Gereza, pale ufukweni. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuvamia mji huu, wakaupora, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaiacha. Ngome unayoiona leo kwa sehemu kubwa ilijengwa upya zama za Waomani, na bahari imekwisha kula upande wake. Waliokuja na mizinga walikaa miaka 7 tu. Liweke hilo akilini.

Sasa ingia ndani kidogo, uuone Msikiti Mkuu. Ukiufikia, shusha sauti yako. Upande wa kaskazini ndio wa kale zaidi, ulianza karne ya 11. Upande wa kusini, wenye matao na kuba, uliongezwa karne ya 14, kisha ukajengwa upya karne ya 15 baada ya kuporomoka. Gusa ukuta kwa macho, si kwa kisu cha kuandikia jina lako. Haya ni matumbawe ya bahari hii hii, yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa hapa hapa. Anayekwambia kuwa mji huu ulijengwa na majini, mwambie majini hawachomi chokaa. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akaandika kuwa wengi wa wakazi wake ni watu weusi, washika dini, wafuasi wa Imamu Shafi. Hao ndio wazee wetu.

Utajiri wao ulitoka wapi? Dhahabu ya bara, kutoka nyanda za Zimbabwe, ilishuka hadi bandari ya Sofala, na Kilwa ikaishika biashara hiyo. Masultani wakapiga sarafu zao za shaba. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hadi Great Zimbabwe.

Huyu al-Hasan ndiye mwenyeji wetu wa kituo cha mwisho. Fuata njia kuelekea mashariki mpaka Husuni Kubwa, kasri lake lililo juu ya jabali linaloitazama bahari. Vyumba zaidi ya 100, na birika la pembe nane. Lakini wataalamu waliochimba hapo wanasema kasri hili halikumalizika, na halikukaliwa muda mrefu.

Pumzika hapo kivulini, nikupe kisa alichokiandika Ibn Battuta. Al-Hasan alikuwa mkarimu mno, wakamwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja baada ya swala, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa watumwa 10, na sultani akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tusilifiche hilo la watumwa, ndugu yangu. Tunapousifu ukarimu wa mtawala, tuwakumbuke na wale 20 waliotolewa kama mizigo. Majina yao hatunayo, ila Mola wao anawajua mmoja mmoja.

Al-Hasan alipofariki, akatawala nduguye Daud. Huyo, akijiwa na mwenye shida, alimjibu kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni wakangoja miezi, wakapata kidogo, mwisho wakaacha kuja mlangoni kwake.

Hapa ndipo darsa letu lilipo. Ukarimu wa al-Hasan ulikuwa mkononi mwake peke yake, ukazikwa naye. Kasri lake lilikuwa lake peke yake, likabaki bila kumalizwa. Lakini msikiti ulikuwa wa watu wote. Ulipoporomoka, wakapatikana wa kuuinua, karne baada ya karne.

Basi tujitazame. Madrasa ya mtaani kwako inamtegemea tajiri mmoja? Akifariki, mwalimu atalipwa na nani? Kisima cha msikiti kina watu wa kukitunza, au kina jina la mfadhili ukutani tu? Sadaka ya mtu mmoja ni njema, lakini iwekee misingi: wakfu ulioandikwa, kamati yenye kuaminika, vijana waliofundishwa kazi. Shilingi 500 za watu 200 kila wiki hazimsubiri sultani yeyote.

Ukimaliza, rudi taratibu kwenye boti, uwasalimie wanakijiji wanaoishi hapo mpaka leo. Nao ni sehemu ya historia hii.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia kwa imani, na utujaalie tuache nyuma yetu jambo litakaloendelezwa na wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.