Aliyezaliwa na Kiingereza

Januari 1961, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili namna ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi 11 tu kupata uhuru, na Uganda na Kenya zilikuwa njiani. Bendera ya Mwingereza ilikuwa inashuka. Lugha yake ilikuwa inatafutiwa pa kukaa.

Miaka 31 baadaye, Robert Phillipson, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Denmark, alitoa kitabu kilichoufukua mkutano ule. Alionyesha imani tano zilizoota mizizi pale. Moja ni kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee. Nyingine ni kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho. Sidhani kama kuna aliyewauliza wanafunzi.

Mwaka uleule wa 1961 vijana wa Kimarekani walianza kuwasili kwa mpango wa Teachers for East Africa, uliosimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walinolewa Makerere, kisha wakatawanywa katika sekondari zetu, ambako walimu walikuwa haba. Kwa mwanafunzi aliyetoka kijijini na Kiingereza cha kuombea maji, kufundishwa na mwenye lugha ilikuwa bahati. Ila hayo maji yenyewe Mmarekani aliyatamka "wora". Akiandika "color" ubaoni, mwanafunzi makini alikuwa na sababu ya kutoka jasho, maana mtihani ulikuwa wa Cambridge, na Cambridge rangi ina "u". Utamsahihishaje mzungu Kiingereza chake?

Na mfano wa upande wa pili ulikuwapo tangu zamani. Julius Nyerere, aliyerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alifundisha Pugu, na Kiingereza kilikuwa mojawapo ya masomo yake. Hakuzaliwa nacho. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Sijui ni wangapi kati ya waliozaliwa na lugha ile wangethubutu kuigusa kazi hiyo.

Wasomi walichelewa kuliangalia jambo hili kwa jicho la darasani. Péter Medgyes, Mhungaria, aliuliza waziwazi mwaka 1992 nani ana thamani zaidi kati ya walimu hao wawili, akajibu kwamba kila mmoja ana lake. Mwaka 2002 David Lasagabaster na Juan Manuel Sierra walichapisha maoni ya wanafunzi wa chuo kikuu katika nchi ya Wabaski, Hispania. Wengi waliwapenda wenye lugha, hasa kwa matamshi. Kwenye sarufi mizani iliegemea kwa wenzao. Na wengi zaidi walitaka wote wawili. Matamshi kwa huyu, sarufi kwa yule: mwanafunzi yeyote wa bweni angekwambia hivyo bila utafiti.

Mimi mwenyewe niliielewa sarufi kwa mwalimu wa kwetu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba "nimekula" ni "I have eaten", kwa hiyo darasa zima likaandika "he has slept" kwa "amelala". Kiswahili kilikuwa marufuku shuleni. Mwalimu akatazama dirishani, akausogeza mlango mpaka ukafungika, akashusha sauti.

"Mtoto amelala. Sasa hivi yuko wapi?"

"Kitandani, mwalimu."

"Macho?"

"Kayafumba."

"Kwa hiyo usingizi umekwisha?"

"Bado!"

"Basi 'he is asleep'. Na aliyekaa je? Aliyesimama?"

Vidole vikapanda darasa zima. Akaenda kuufungua mlango.