Komeo la Mlango

Mwaka jana kambi moja ya watalii upande wa Laikipia ilinipa kazi ya kuandika maelezo ya kubandika ukutani. Kazi ndogo ndogo kama hizi ndizo zinanilipia renti tangu niache chuo, kwa hivyo sikuuliza maswali mengi. Juu ya mahali pa moto walikuwa wametundika raifo ya zamani ya uwindaji, mbao yake imepigwa vanishi hadi inang'aa, na chini yake nilitakiwa niandike maneno mia moja kuhusu enzi tamu za safari. Shida ni kwamba ile bunduki ilikuwa na tundu. Pale nyuma ya mtutu, mahali pa bolti, palikuwa wazi. Ungeweza kuingiza kidole.

Meneja alitaka pajazwe. Kwa vile nilikuwa nimejitapa kwamba nilisomea uhandisi wa mitambo (miaka miwili, lakini hiyo sikuisema), akanituma nitafute fundi Nairobi wa kuchonga bolti nyingine, hata kama ni ya maonyesho tu. Nikaenda Kariobangi Light Industries na picha kwenye simu. Fundi wa kwanza alicheka. Wa pili, mzee mwenye mashine ya leithi iliyonizidi umri, aliitazama ile picha kwa muda, akafuta alama ya grisi aliyoiacha kwenye skrini, akanirudishia simu.

"Kijana, hiyo ni bunduki. Mimi natengeneza mashine za posho."

Nikamwambia ni ya urembo tu, mzee wangu, haitapiga hata panya.

"Hata kama. Na hata ningetaka, ungeniletea bunduki yenyewe. Bolti ya bunduki haichongwi kwa picha."

Nilirudi nyumbani bila bolti lakini na swali: kwa nini haichongwi kwa picha? Kutafuta jibu kulinipeleka mbali na Laikipia, mpaka nikajikuta nasoma habari za watu walionyongwa.

Wacha nianze na chuma chenyewe. Bolti ni kile kipande chenye mkono unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kabla ya kufyatua. Kinasukuma risasi ndani ya chemba, kinafunga mlango nyuma yake, na ndani yake mna pini inayogonga kitako cha risasi. Ile bolti ambayo raifo nyingi za uwindaji zimeiga ilibuniwa na Mjerumani Paul Mauser, kwenye raifo ya mwaka 1898. Mbele ina meno mawili. Ukiisukuma na kuizungusha, meno yanaingia kwenye mifuko yao ndani ya chuma cha bunduki na kujifunga, kama vile unavyozungusha kifuniko cha sufuria ya presha. Nimeutumia mfano huo makusudi. Risasi ya raifo ikilipuka, msukumo ndani ya chemba unapita pauni 45,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la matatu lina kama pauni 50 au 60. Kinachozuia msukumo huo wote usirudi kwenye jicho lako ni yale meno mawili.

Sasa, kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi lazima pawe na nafasi, lakini nafasi ya kuhesabiwa. Ikiwa ndogo mno, bolti haifungi. Ikiwa kubwa mno, ganda la shaba linajinyoosha kuijaza nafasi hiyo, linapasuka, na gesi ya moto inatafuta njia ya nyuma. Kwa hivyo bolti ngeni haiingii tu kwa sababu imeingia. Fundi bunduki hupaka meno yake wino, au huyapitisha kwenye moshi wa mshumaa, kisha anaifunga na kuifungua aone masizi yamefutika wapi. Kama jino moja linagusa na lingine linaelea, jino moja ndilo litabeba mzigo wote. Anasugua kidogo, anajaribu tena. Halafu anaweka kipimo cha chuma chenye umbo la risasi, ambacho bolti lazima ikubali kufungika juu yake, kisha kipimo cha pili, kirefu kidogo, ambacho bolti lazima ikatae. Akisugua kupita kiasi hakuna kurudisha. Hiyo bolti imekwisha.

Waingereza walikuwa na ujanja wao. Raifo yao ya jeshi, Lee-Enfield namba 4, ilikuwa na vichwa vya bolti vya kubadilisha, vilivyopigwa chapa kuanzia 0 hadi 3, kila kimoja kikizidi kingine kwa kama unene wa unywele. Unabadilisha kichwa hadi nafasi ikae sawa. Lakini hata hapo bolti ilikuwa na namba iliyofanana na ya bunduki yake. Bolti na bunduki ni kama meno ya bandia na mdomo. Mzee wa Kariobangi alikuwa sahihi kabisa.

Haya, turudi kwenye enzi tamu.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walipomaliza safari yao walikuwa wameua wanyama 512 kati yao wawili, wengi wakikaushwa kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na Mskoti aitwaye Walter Bell, ambaye Wazungu walimpa jina la Karamojo kwa kuwa aliwinda Karamoja. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao hakuwaua kwa mizinga mikubwa bali kwa raifo nyembamba ya bolti kutoka kampuni ya Rigby ya London. Rigby walikuwa wakiletewa vyuma vya Mauser kutoka Ujerumani, wanavisugua na kuvifunga kwenye mbao, wanaandika jina lao. Mwaka 1911 wakatoa risasi yao ya .416, iliyopendwa sana na wawindaji wa Afrika. Bolti ya bunduki kama hiyo ikipotea au kuvunjika, dawa ya uhakika ilikuwa kuirudisha bunduki nzima kwa mtu mwenye vipimo na subira.

Na nani aliyekuwa akiisafisha kila jioni hiyo bolti? Mbeba bunduki. Mwafrika aliyetembea hatua mbili nyuma ya bwana, akiwa na raifo ya pili mkononi, aliijua kuliko mwenyewe. Lakini kuimiliki? Mwafrika kupata leseni ya raifo ilikuwa karibu na ndoto. Akienda porini na upinde na mshale wa sumu, kama babu zake, aliitwa jangili. Kitendo kimoja, mnyama mmoja, majina mawili.

Kuna mazoea ya zamani ya kuhifadhi raifo: ng'oa bolti, iweke mahali tofauti. Mwizi akichukua bunduki amechukua paipu yenye mbao. Labda ndivyo ile ya Laikipia ilivyopoteza yake. Mtu aliificha vizuri sana, akafa. Mazoea haya yanaonekana ya kawaida hadi ufikirie Kenya ya baada ya tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, na kila bunduki katika nyumba ya mlowezi ikawa kitu ambacho mtu mwingine msituni anakiota.

Waliokuwa msituni hawakuwa wote wageni wa silaha. Makumi ya maelfu ya Wakenya walikuwa wamepigana Vita vya Pili vya Dunia. Waruhiu Itote, tunayemjua kama Jenerali China, alikuwa amepelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles. Watu kama yeye walikuwa wamefundishwa na Waingereza wenyewe kufungua bolti gizani, kuisafisha na kuirudisha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua wafungwa na kuondoka na bunduki na risasi. Lakini Naivasha haikutokea kila wiki. Wengi waliingia Nyandarua na Kirinyaga na panga, au bila kitu.

Kwa hivyo wakatengeneza.

Hapa ndipo nilipoiweka simu chini nikatulia kidogo. Bunduki ya msituni ilikuwa hivi: mtutu ni kipande cha paipu ya maji. Kitako ni mti uliochongwa. Na bolti ni komeo la mlango. Ndiyo, lile lile unalolijua, fimbo ya chuma inayoteleza ndani ya vishikizo vyake, yenye kifundo cha kushika. Unalichonga ncha kwa tupa ili ligonge kitako cha risasi. Unalifunga kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu ya gari. Unavuta komeo nyuma, mpira unakaza, unalitegesha. Ukiliachilia, mpira unalirusha mbele, linagonga.

Kiswahili chetu hakina neno lililozoeleka la bolti ya bunduki. Sote tunasema bolti. Hawa watu walilitafsiri kwa mikono. Kazi ya bolti ni kufunga mlango, basi wakaenda mlangoni.

Lakini ukikumbuka yale meno mawili ya Mauser, utaona pengo liko wapi. Komeo la mlango halina meno. Halijifungi popote. Kinacholizuia lisirudi nyuma ni mpira wa tyubu na nguvu za Mungu. Paipu nayo ilikuwa pana kuliko risasi ya .303, hivyo risasi ilitoka ikiyumba, gesi ikiponyoka pembeni mwake, na kwa kuwa paipu haina mistari ya ndani ya kuizungusha, shabaha ilikuwa ya kubahatisha. Mbali kidogo, unapiga miti. Na mara nyingine paipu ilipasuka au komeo likarudi, na aliyeumia ni aliyeishika. Walijua. Waliotengeneza walikuwa maseremala, wahunzi na makanika, watu wanaojua chuma. Hakuna fundi wa chuma asiyejua tofauti kati ya kilichopimwa na kilichobahatishwa. Wakatengeneza tu. Sijui kama hilo ni ujasiri au ni kukosa njia, na sidhani waliona haja ya kuvitenganisha.

Vifaa vingi vilitoka huku kwetu mjini. Risasi zilipita mkono hadi mkono Nairobi, nyingine zikitolewa kwa askari na wanawake waliojua namna ya kuzungumza nao, kisha zikabebwa hadi msituni. Serikali ilielewa hivyo pia. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianzisha Operesheni Anvil: Nairobi ikazingirwa, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa na kupelekwa kizuizini. Baada ya hapo njia ya vifaa ikabanwa, na msitu ukaanza kufa njaa ya risasi.

Sheria nayo haikujali meno ya bolti. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na silaha au risasi bila kibali kulikuwa kosa la kunyongwa. Risasi moja mfukoni ilitosha. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Kati yao, 346 walihukumiwa kwa mauaji. Waliohukumiwa kwa kumiliki silaha au risasi ni 472. Soma tena hizo namba mbili. Kitanzi kilichukua wengi zaidi kwa walichokuwa wameshika kuliko kwa waliyemuua. Dedan Kimathi mwenyewe, aliposimamishwa mahakamani Nyeri Novemba 1956, hakushtakiwa kwa kuua mtu yeyote. Mashtaka yalikuwa bastola moja na risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Wakati huo huo, mteja wa safari angeweza kushuka Nairobi na raifo yake kwenye kasha la ngozi, akalipia leseni, akaenda zake porini. Hilo liliendelea hata baada ya uhuru, hadi mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Raifo nyingi za aina ile zikawa kile ilicho ile ya Laikipia: pambo.

Bunduki za komeo nazo zimekuwa pambo, za aina yake. Makumbusho ya jeshi la Uingereza pale Chelsea, London, yamehifadhi bunduki ya Mau Mau ya kujitengenezea. Sijafika huko, na viza ninavyovisikia sidhani nitafika karibuni. Rigby nao bado wako London, ng'ambo ya Mto Thames, bado wanafunga bolti za Mauser kwa mkono kwa watu wenye pesa.

Nilimwandikia meneja maneno yake mia moja. Nikaeleza Rigby, nikaeleza Mauser, na mwishoni nikaweka sentensi mbili kuhusu paipu na komeo, na umbali mdogo kutoka pale kambini hadi Nyandarua. Alilipa vizuri, kwa wakati, na akazitoa zile mbili. Kuhusu bolti nilimwambia ukweli: hakuna fundi aliyekubali, na kuchonga kipande cha bunduki bila kibali ni kesi. Akasema basi tutaweka ua la plastiki pale kwenye tundu.