Nyumba ya Pembe Nne Ugenini: Vifaa, Mafundi na Msamiati wa Ujenzi kutoka Pwani hadi Uwanda wa Ruzizi

Utangulizi

Luberizi ni makazi yaliyo katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara inayoshuka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi hadi Sange na Uvira. Fundi anayejenga nyumba mahali hapo, awe Mfuliiru au Mrundi, hutaja vifaa vyake kwa maneno ambayo Mswahili wa Bagamoyo au wa Unguja angeyaelewa bila mkalimani: matofali, misumari, dirisha, mabati. Hata yeye mwenyewe huitwa fundi, kama mwenzake wa pwani. Hata hivyo, akifika kwenye unga wa kijivu unaoshikanisha matofali, hasemi saruji, husema sima. Tofauti hiyo ndogo ya neno moja inabeba historia ndefu.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia hiyo. Swali linaloulizwa ni jepesi kulitamka, lakini gumu kulijibu: mtu wa pwani aliyejenga nyumba ugenini katika karne ya 19, Ujiji, Uvira au Kasongo, alipata wapi vifaa, na ni nani waliomjengea? Wanahistoria wengi wamesimulia habari za pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Nyumba zimetajwa kwa kupita tu, kana kwamba ziliota zenyewe. Makala yatajaribu kuonyesha kwamba aliyetoka pwani hakuja na nyumba. Alikuja na mpango wa nyumba, na majina ya baadhi ya sehemu zake. Vifaa vyenyewe, na sehemu kubwa ya kazi ya mikono, vilikuwa vya wenyeji.

Nyumba ya pwani na mipaka yake

Ili kuelewa kilichobadilika barani, ni lazima kwanza kuitazama nyumba iliyoachwa nyuma. Nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja ilitegemea vitu vitatu vilivyotoka baharini au kando yake: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo, na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko hautoi boriti ndefu yenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa, vyumba vya pwani vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kawaida visivyozidi mita 3 kwa upana. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Kwa hiyo biashara ya vifaa vya kujengea nyumba ugenini si jambo geni katika historia ya Waswahili. Baharini ilikuwa desturi ya karne nyingi.

Kando ya nyumba ya mawe ilikuwapo nyumba ya watu wengi zaidi: nyumba ya pembe nne ya miti na fito, iliyokandikwa udongo na kuezekwa makuti, yenye baraza mbele. Nyumba hii haikuhitaji bahari. Palipo na miti, udongo na nyasi, ingeweza kusimama. Ndiyo iliyosafiri.

Mzigo wa mpagazi

Jahazi na mpagazi ni vyombo viwili tofauti sana. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alichukua kichwani au begani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miezi saba. Mzigo uliopandishwa bara ulipaswa kuwa wa kitu chenye thamani kubwa kuliko uzito wake: merikani, kaniki, ushanga, masango, baruti. Mzigo ulioteremshwa ulikuwa pembe. Katika hesabu ya namna hiyo hapakuwa na nafasi ya chokaa wala ya boriti. Hakuna mfanyabiashara ambaye angemlipa mtu posho ya miezi saba ili abebe frasila mbili za chokaa, kiasi kisichotosha kupaka hata ukuta mmoja.

Kilichoweza kubebwa kilikuwa chuma kidogo, zana za seremala, na ujuzi. Ujuzi hauna uzito. Jinsi ya kupima pembe nne, ya kupanga vyumba nyuma ya baraza, ya kutia kimia cha fito na kukikandika, ya kuchonga ubao wa mlango, yote hayo yalisafiri katika vichwa vya watu.

Katika nyumba za Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mchanganyiko huu ulionekana mapema. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliishi katika tembe, nyumba ya paa la bapa la udongo iliyokuwa ya wenyeji wa nchi hizo, lakini wakaipanua, wakaitia baraza na mlango uliochongwa. Paa na kuta zilikuwa za wenyeji. Mlango na baraza vilikuwa vya pwani.

Ujiji, Uvira na Kasongo: mikono ya nani?

Kutoka Ujiji njia iligawanyika. Moja ilivuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema. Nyingine ilielekea kaskazini kwa mitumbwi hadi Uvira. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 wakitafuta habari za mto Ruzizi. Livingstone na Stanley waliufikia mlango wa mto huo Novemba 1871, wakathibitisha kwamba maji yake yanaingia ziwani, wala hayatoki. Uvira ilikuwa kituo cha biashara cha ncha ya kaskazini ya ziwa, na uwanda wa Ruzizi, ambamo Luberizi imo, ulikuwa mlango wa nchi za Kivu. Katika miaka ya 1880 eneo hili liliingia katika himaya ya kibiashara ya Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao yake Ujiji. Misafara yake iliteka watu pamoja na pembe.

Manyema ndiko ujenzi wa waungwana ulikofikia kilele. Livingstone alifika Nyangwe Machi 1871. Kabla ya hapo, alipopita katika vijiji vya Wamanyema, alikuta wenyeji wenyewe wakiishi katika nyumba za pembe nne zenye kuta za udongo, zilizopangwa kwa mistari. Jambo hili ni muhimu sana. Mara nyingi husemwa kwamba nyumba ya pembe nne ililetwa bara na Waswahili. Katika nchi za misonge, kama Rwanda na Burundi, usemi huo una ukweli. Lakini kwa Manyema hauna. Huko mgeni alikuta mpango wa nyumba unaofanana na wake, na mafundi waliojua kuujenga.

Mji wa Kasongo wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, unatoa mfano ulio wazi. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka Aprili 1893. Daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1897, alieleza kwa mshangao vitanda vilivyochongwa, magodoro ya hariri na bustani za michungwa. Chumba alichokichagua mwenyewe, kwa maelezo yake, kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15. Upana huo wa mita nne na nusu hivi unazidi sana upana wa kawaida wa chumba cha boriti za mikoko. Sababu haiko mbali: Kasongo haikuwa na mkoko, bali ilikuwa na msitu. Miti mirefu ya Manyema ilimwezesha mtu wa pwani kujenga ugenini chumba ambacho kwao hakijengeki kwa urahisi.

Basi ni nani waliokata miti hiyo, wakachimba udongo na kukandika kuta? Si wakandarasi waliokubaliana bei na mwenye nyumba. Walikuwa watumwa, watu waliotekwa vitani, na raia waliotolewa na machifu wao kama kodi ya kazi. Miongoni mwao waliofunzwa useremala au uashi walipanda daraja. Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, na wao nao waliitwa waungwana, ingawa asili yao ilikuwa Manyema na si Mrima. Ndiyo asili ya jina la Kingwana, ambalo Kiswahili cha Kongo kiliitwa kwa miaka mingi. Fundi, kwa hiyo, lilikuwa zaidi ya jina la kazi. Lilikuwa njia mojawapo ya mtu aliyenyang'anywa kwao kupata hadhi mpya. Uzuri wa nyumba za Kasongo usisifiwe bila kukumbuka gharama hiyo. Mahali mji ule wa kale uliposimama panaitwa Tongoni, neno la Kiswahili linalotokana na tongo, yaani makazi yaliyohamwa.

Reli, bati na sima

Utawala wa kikoloni haukuubadilisha ujenzi mara moja, kwa kuwa nao mwanzoni ulitegemea mpagazi. Mapadre Weupe, waliofika Ujiji 1879, na maofisa wa Kibelgiji walijenga vituo vyao kando ya ziwa kwa udongo, miti na matofali yaliyofyatuliwa papo hapo. Mageuzi yaliletwa na chombo kipya cha uchukuzi. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma 1914. Kwa mkataba wa 1921, Ubelgiji ilipewa na Uingereza sehemu zake za bandari Dar es Salaam na Kigoma. Tangu hapo mzigo mzito uliweza kuvuka ziwa kwa meli hadi Kalundu, bandari ya Uvira. Katika miaka ya 1930 reli fupi, iliyofungwa kabla ya uhuru wa 1960, ilipita katika uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola, na kutoka hapo mizigo ilipanda milimani kwa magari hadi Costermansville, mji uliorudishiwa jina la Bukavu katika miaka ya 1950.

Ndipo bati na saruji vilipowezekana. Vifaa ambavyo mpagazi asingeweza kuvibeba sasa vilipita katika njia ile ile ya misafara, kwa bei ambayo serikali, misheni na makampuni yangeweza kulipa.

Ushahidi wa maneno

Historia hii imeacha alama katika lugha. Kinyarwanda, lugha ya jirani ng'ambo ya Ruzizi, kinasema itafari kwa tofali, idirishya kwa dirisha, umusumari kwa msumari, ibati kwa bati, na umufundi kwa fundi. Maneno haya yote yamepitia Kiswahili, hata yale yenye asili ya mbali zaidi, kama msumari lililotoka Kiarabu na dirisha linalohusishwa na Kiajemi. Lakini nyumba yenyewe ni inzu, na mlango ni umuryango au urugi, maneno ya wenyeji. Nyumba na mlango vilikuwapo. Dirisha na msumari ndivyo vilivyokuja.

Maneno ambayo hayakusafiri yanafundisha vilevile. Chokaa kwa Kinyarwanda ni ishwagara. Saruji, neno la Kiajemi, halikufika, kwa kuwa kitu chenyewe hakikubebeka na mpagazi. Kilipokuja hatimaye kwa meli na reli, kilikuja na jina la Kifaransa: sima huku Kivu, isima kule Rwanda. Kinyume chake, bati, ambalo nalo lilienea wakati wa ukoloni, lilipokelewa kwa jina la Kiswahili. Hii inadokeza kwamba katika uwanja wa ujenzi, hata chini ya Wabelgiji, amri ilitolewa kwa Kifaransa lakini kazi iliendelea kwa Kiswahili.

Tahadhari inahitajika hapa. Neno pekee halitoi tarehe. Utawala wa Wajerumani, uliojenga kituo chake Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, nao ulitumia Kiswahili, na baadhi ya maneno haya huenda yaliingia kwa mkono wa askari na karani badala ya mfanyabiashara.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nyumba ya mtu wa pwani ugenini ilikuwa mapatano kati ya mpango uliobebwa kichwani na vifaa vilivyopatikana papo hapo, na kwamba mapatano hayo mara nyingi yalifanywa juu ya migongo ya watu wasiokuwa huru. Mpaka wa mto Ruzizi, uliokubaliwa na madola ya Ulaya 1910, haukuikata njia ya vifaa. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanzishwa 1984, kiko Bugarama nchini Rwanda, si mbali na Kamanyola. Mjenzi wa uwanda wa Ruzizi anaweza kukaa kwao na bado akatazama nchi ya kigeni kwa mfuko wa sima.

Jambo hili lina uzito kupita hamu ya wanaisimu. Katika uwanda wa Ruzizi maneno mwenyeji na mgeni yamegharimu maisha ya watu, hasa tangu vita vya 1996, na mizozo ya ardhi na ya uchifu imeacha nyumba nyingi bila paa. Wanaogombana juu ya nani alitangulia kufika wanaezeka kwa bati lile lile, wanapigilia msumari ule ule, na kuviita kwa jina moja. Ingefaa wanafunzi wa Kiswahili wakusanye msamiati wa mafundi wa Luvungi, Luberizi na Sange, katika Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili cha huko, kabla wazee waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao hawajatoweka. Nyumba za udongo hazidumu, na maneno ya waliozijenga ndiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyosalia.