Klabu ya Gofu ya Portmarnock: Ni Nani Mwenye Mlango?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: gofu ina uhusiano gani na nadharia? Tunajibu kwamba historia ya jamii haiandikwi katika mabunge na viwanda peke yake. Huandikwa pia mahali ambapo watu wenye nafasi hupumzika, kwa kuwa hapo ndipo wanapochaguana. Kwa sababu hiyo tumeichukua klabu moja ya Ayalandi, Portmarnock, iliyo kwenye ulimi wa mchanga kando ya bahari, kaskazini ya Dublin, ili tuichambue.

Kwanza tutazame hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1880 Ayalandi ilikuwa bado chini ya Uingereza. Wakulima wadogo walikuwa katika mapambano makali na makabaila juu ya kodi ya ardhi na kufukuzwa mashambani. Katibu Mkuu wa serikali ya Uingereza huko kuanzia 1887 hadi 1891, Arthur Balfour, aliyakandamiza mapambano hayo kwa mkono wa chuma, hata Waayalandi wakampa jina la Balfour mwenye damu. Bwana huyo huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa gofu. Ndiyo kusema, mchezo huu ulienea nchini humo kwa miguu ya wanajeshi, watawala na wafanyabiashara kutoka Uskoti. Klabu ya Belfast iliundwa 1881, ya Dublin 1885, na mwaka 1891 vilabu vikaunda chama chao cha nchi nzima.

Portmarnock ilizaliwa katika mkondo huo. Mnamo Desemba 1893 Mskoti mmoja wa biashara ya bima, William Pickeman, pamoja na mwenzake George Ross, walipiga makasia kutoka Sutton kuvuka mlango wa bahari, wakakagua mchanga ule. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Jameson, matajiri wa viwanda vya wiski. John Jameson akakubali, naye akawa rais wa kwanza wa klabu. Mashimo tisa ya kwanza yalifunguliwa mwaka 1894. Hapa tunaona wazi viungo vitatu vya klabu: ardhi ya kabaila mwenye kiwanda, fedha za wafanyabiashara wa mjini, na kanuni za uanachama zilizowekwa na wanaume hao wenyewe.

Lakini je, wanawake wa Ayalandi hawakuujua mchezo huu? Waliujua sana. Mwezi ule ule wa Desemba 1893 waliunda chama chao cha gofu. May Hezlet alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza mwaka 1899 akiwa na umri wa miaka 17. Rhona Adair akautwaa 1900 na 1903. Kwa hiyo hoja ya uwezo haikuwapo. Kilichokuwapo ni mlango na mwenye ufunguo.

Mwaka 1922 ikaundwa Dola Huru ya Ayalandi. Bendera ikabadilika, serikali ikabadilika, lakini kanuni ya Portmarnock ikabaki. Klabu ikazidi kupata sifa: mwaka 1949 yalifanyika hapo mashindano ya Uingereza ya wachezaji wa ridhaa, na mwaka 1960 Kombe la Kanada. Harry Bradshaw, aliyeajiriwa na klabu hiyo kama mchezaji wa kulipwa, alikuwa ameliletea taifa lake kombe hilo mwaka 1958 akishirikiana na Christy O'Connor. Wanawake nao waliruhusiwa kucheza hapo wakiwa wageni wanaolipa. Fedha yao ilipita mlangoni. Kura yao haikupita. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 2000 Bunge la Ayalandi lilipitisha sheria ya usawa, ambayo iliruhusu klabu yenye ubaguzi kunyang'anywa kwa muda leseni ya kuuza vileo. Mwaka 2004 mahakama ya wilaya iliiona Portmarnock kuwa na hatia. Klabu ikakata rufaa. Ilitumia kifungu kinachosamehe klabu ambayo shabaha yake kuu ni kuhudumia mahitaji ya jinsia moja. Mamlaka ya usawa ikajibu kwamba shabaha ya klabu ya gofu ni gofu, na gofu haina jinsia. Mahakama Kuu ikaipa klabu ushindi mwaka 2005, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha, majaji watatu dhidi ya wawili. Tuzingatie tofauti hiyo: jaji mmoja tu ndiye aliyeamua uzito wa sheria iliyopitishwa na Bunge zima.

Ila historia haikukomea mahakamani. Mwaka 2016 klabu ya Muirfield, Uskoti, ilikataa kuwapokea wanawake. Siku hiyo hiyo ikaondolewa katika orodha ya viwanja vya mashindano makubwa ya Open. Mwaka uliofuata wanachama wake walipiga kura upya, wakawapokea. Mwezi Mei 2021 Portmarnock nayo ilipiga kura kuwakubali wanawake. Ulimwengu wa nje ya ukuta ulikuwa umebadilika, na gharama ya kubaki vile vile ilikuwa imepanda.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba uhuru wa bendera hauvunji peke yake desturi zilizojengwa juu ya mali. Pili, kwamba sheria yenye mwanya husomwa na wenye mawakili kwa kuanzia kwenye mwanya. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwaka 2021 waliopiga kura walikuwa bado wanaume watupu: haki ya wanawake ilitolewa kama hisani. Kwa hiyo kila tunapochunguza chombo chochote, tusiridhike kuuliza kama mlango uko wazi. Tuulize pia ufunguo uko mkononi mwa nani.